Saa za Punda Porini

Punda hashibi haraka. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza kuhusu malisho, kabla sijakanyaga darasa lolote la mifugo, na ndilo ninaloanza nalo kila ninapoombwa ushauri kijijini. Ng'ombe hula upesi, akajaza tumbo, kisha akaenda kulala kivulini acheue. Punda hacheui. Majani hupita kinywani mwake mara moja tu, na kazi kubwa ya kuyavunja hufanyika nyuma kabisa, kwenye utumbo mpana. Anaweza kuishi kwa nyasi ngumu ambazo ng'ombe huziacha, ila kwa sharti moja: azile kwa muda mrefu. Punda aliye huru hutumia zaidi ya nusu ya saa ishirini na nne akila, mchana na usiku. Mnyang'anye saa hizo, naye atakonda hata kama umemsimamisha kwenye nyasi zinazomfika kifuani.

Babu yangu hakuwa na habari za utumbo mpana, lakini alizijua saa. Alikuwa mlina asali, Mnyaturu wa upande wa mashariki wa Singida, jirani na msitu wa Mgori. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Zikishakata, na nyuki wakiwa wamekwisha kuhifadhi asali ya maua ya miombo, yeye na wenzake waliingia porini na punda wanne, wakakaa huko siku nyingi wakifuata mizinga yao ya magogo. Nilipokuwa na miguu ya kustahimili safari nikapewa kazi ya kuwachunga punda hao. Wazee kazi yao ilikuwa juu ya miti. Yangu ilikuwa chini, kwenye majani, na kwa miaka mingi niliamini kwamba yangu ndiyo ilikuwa ndogo.

Ardhi ile haikupangwa kwa ajili ya mfugaji. Vilimani na miteremkoni kuna miombo, na chini yake nyasi ni haba na chungu. Malisho ya kweli yako mabondeni, kwenye mbuga: vipande vyembamba vya udongo mweusi wa mfinyanzi visivyo na miti, ambavyo masika hujaa maji na kiangazi hupasuka nyufa zinazomeza mguu mzima wa mtoto. Pembezoni mwa mbuga, mahali pa mchanga kidogo, huota ukoka. Katikati huota nyasi ndefu za mashina, zile za kuezekea. Msafiri mwenye punda huitafuta mbuga kwa sababu kila anachohitaji kiko hapo, yaani maji, majani na uwazi wa kumwona mnyama mkali kabla hajafika. Hatari ya kuiharibu inatoka hapo hapo, kwa kuwa kila msafiri mwingine naye anaitafuta.

Ratiba yetu ilikuwa hivi. Mara tu kulipopambazuka niliondoa miiba mlangoni mwa boma, punda wakatoka kula huku wazee wakioka viazi na kufunga mizigo. Tulianza safari jua likiwa limeshachomoza na umande umepungua, tukatembea hadi kama saa tano. Hapo tulitua. Mizigo iliwekwa chini, na matandiko pia, ambayo yalikuwa magunia yaliyojazwa majani makavu ili mgongo usichubuke. Punda waligaagaa vumbini kwa raha yao, kisha wakala hadi saa tisa. Tulitembea tena kidogo na kutua jua bado lipo, ili wapate kula mpaka giza. Kwa hesabu ya mtu mwenye haraka, tulikuwa tukipoteza nusu ya siku. Kijana mmoja tuliyefuatana naye alilalamika siku moja kwamba tungeweza kufika kesho yake kama tungekaza mwendo.

"Tutafika kesho," babu akamjibu, "halafu kesho kutwa utabeba asali wewe."

Usiku ndio uliokuwa mgumu. Punda kwa asili hula usiku, lakini Mgori ina fisi, na miaka ile simba hawakuwa mbali. Kumwacha punda nje usiku ni kumtoa sadaka. Kumfungia kwenye boma la miiba bila chochote mdomoni ni kumwibia saa kumi za kula. Babu alikuwa na njia ya katikati. Jioni, punda wakiwa bado wanakula, mimi nilipewa mundu na kutumwa upande wa pili wa mbuga, kule ambako hatukuwalisha, nikakate nyasi ndefu mzigo mmoja kwa kila punda. Nilizikata kwenye urefu wa goti, si chini. Zikatupwa ndani ya boma, nao wakazitafuna usiku kucha. Mlio wa meno yao ndio uliotuambia kwamba hakuna kitu kibaya kilicho karibu. Ukikoma ghafla, wazee walikuwa wameshasimama na mikuki yao.

Kuhusu kukata kwenye goti, nilielewa sababu yake baadaye, chuoni. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu. Huzungusha ulimi kwenye majani na kuyavuta, hivyo huacha kisiki. Punda ana meno ya mbele juu na chini, na hukata majani karibu kabisa na ardhi. Ukoka huvumilia jambo hilo kwa sababu hutambaa na kutia mizizi kila kifundo. Nyasi za mashina haziwezi. Zikikatwa mpaka kwenye kitako mara kwa mara, akiba yake inakwisha, na mwaka unaofuata mahali pake panaota magugu au panabaki kipara. Punda wanne hawawezi kumaliza mbuga nzima. Wanaweza kabisa kumaliza kipande kimoja cha mbuga, kile walichokipenda, kilicho jirani na maji, na hicho ndicho wageni wote watakachokipenda baada yao.

Kwa hiyo shughuli yangu ya kutwa ilikuwa kuwazuia wasisimame mahali pamoja. Kwenye kambi nyingine nilizopata kuziona, punda alifungwa kwenye kigingi kwa kamba ndefu na kuachwa hapo tangu kutua hadi kuondoka. Kufikia jioni palikuwa na duara jeupe la vumbi na kinyesi, na mwaka uliofuata duara lilikuwa bado linaonekana. Babu hakukubali kigingi ila kwa mnyama mgonjwa. Alimfunga jike mzee peke yake, miguu ya mbele, kwa ukanda mpana wa kitambaa, si kamba ya katani ambayo hukata ngozi, akamning'iniza kengele shingoni. Wengine waliachwa huru. Punda hamwachi kiongozi wao, na kiongozi aliyefungwa miguu hutembea polepole, akila na kusonga, akila na kusonga. Donge la chumvi niliwekewa mkobani, na niliagizwa kuliweka mbali na maji, juu kwenye ukingo wa miti. Wakishakunywa, huifuata chumvi wenyewe, na njiani hula nyasi ambazo pasingekuwa na chumvi wasingezigusa.

Nyuki nao walikuwa na sheria yao. Asali hulinwa usiku kwa moshi, na nyuki waliochokozwa hawachagui adui. Punda aliyefungwa karibu na mti wenye mzinga anaweza kuuawa kwa kuumwa. Kwa hiyo mbuga ya kulishia ilichaguliwa kwanza, na miti ya kulinwa usiku huo ilikuwa ile iliyo mbali nayo, upande ambao upepo ulikuwa unakwenda. Iwapo mzinga mnono ulikuwa karibu mno na malisho pekee ya eneo lile, uliachwa, ukalinwa siku ya kuondoka baada ya punda kutangulizwa. Niliwahi kuona wazee wakipita chini ya mzinga uliojaa bila kuugusa. Kwa mtu aliyetembea siku tatu kuutafuta, hiyo si nidhamu ndogo.

Kanuni ninayoithamini kuliko zote ilihusu kisigino. Kabla ya kuruhusu punda waingie kwenye mbuga, babu alivua kiatu chake cha tairi, akaenda hatua chache ndani na kukandamiza kisigino chini kwa uzito wake wote. Kama kisigino kiliacha shimo, tulirudi juu, punda wakala nyasi chungu za miombo usiku ule, na sisi tukavumilia. Udongo wa mbuga ukiwa na maji haubebi kwato. Kila hatua huwa shimo, mizizi hukatika, shimo hukauka na kuwa gumu kama chungu kilichochomwa, na maji ya mvua inayofuata hayasambai tena juu ya mbuga bali hufuata mashimo na kuchimba mfereji. Mfereji ukishaanza, mbuga huanza kukauka, na miiba huingia. Nimeiona mbuga ikifa kwa njia hiyo. Haikuhitaji makundi ya ng'ombe. Ilitosha njia ya punda iliyopitiwa mapema mno, Aprili, mwaka baada ya mwaka.

Nilipokuja kuwa afisa mifugo nilisoma kwamba katika milima ya Sierra Nevada huko Marekani, ambako nyumbu na farasi wa mizigo bado huwapeleka watu ndani ya hifadhi za taifa, wasimamizi wa Sequoia na Kings Canyon hupanga tarehe ya kufungua malisho ya mabondeni kila mwaka, wakiisogeza kulingana na mwaka kuwa wa maji mengi au mkavu, na kwenye baadhi ya mabonde huweka ukomo wa usiku ambao wanyama wanaweza kulala. Nilifurahi sana. Walikuwa na vipimo, ramani na askari wa hifadhi, na uamuzi wao ulikuwa ule ule wa kisigino.

Mkoa wetu una historia yake ya mnyama wa mizigo porini, na ni historia ya hasara. Kusini, kwenye eneo la Manyoni na Itigi ya leo, ndiko ilikopita njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora, ikivuka pori lililoitwa Mgunda Mkali. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857. Walitoka pwani na punda, na wengi wa punda hao walikufa njiani kwa uchovu, mizigo na fisi. Ndorobo, wale inzi wanaowaambukiza wanyama maradhi, walichangia sana kuwafanya wafanyabiashara wa pembe za ndovu wategemee mabega ya wapagazi. Mwaka 1879 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aligharimia jaribio la ajabu zaidi: tembo wanne waliofunzwa walitolewa India, wakashushwa Msasani karibu na Dar es Salaam, wakapelekwa bara hadi Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Wazo lilikuwa kwamba tembo angebeba mzigo wa watu wengi na kujilisha porini bure. Mmoja alifia Mpwapwa, na si wote waliofika. Tembo naye, kama punda, hacheui, na huhitaji sehemu kubwa ya siku ili ashibe. Msafara unaoharakia kisima kinachofuata hauwezi kumpa sehemu hiyo. Pori linalisha bure, lakini linataka kulipwa muda, na kila aliyepanga safari ya Mgunda Mkali bila kuuhesabu muda huo aliulipa kwa mizoga.

Anayetaka kupunguza malisho anayochukua porini anaweza kubeba sehemu ya chakula kutoka nyumbani. Sisi wa Singida tuna bahati hapo, kwa kuwa alizeti ni yetu. Punda wetu ana uzito wa kilo 120 hadi 150 hivi, na kwa siku huhitaji kilo tatu au nne za majani makavu. Mashudu kidogo na pumba jioni humwongezea nguvu anayoikosa kwenye nyasi za kiangazi, naye hurudi akiwa na mwili. Ila mashudu hayaondoi hitaji la majani. Tumbo la punda limeumbwa kwa nyuzinyuzi, na akipewa vyakula vizito kwa wingi huugua tumbo au miguu. Ninawasihi pia wanaobeba majani au mabua wayakague kwanza. Mbegu nyingi hupita salama tumboni mwa punda na kutoka baada ya siku mbili au tatu, mahali ambapo gugu hilo halijawahi kuonekana. Gugu karoti limeshawatesa wenzetu wa Arusha. Halina sababu ya kupanda mgongoni mwa punda kuingia kwenye mbuga zetu.

Mgori yenyewe ilikuwa na bahati ambayo misitu michache iliipata. Katikati ya miaka ya 1990 serikali ilikuwa imedhamiria kuifanya hifadhi yake, kisha uamuzi ukageuzwa: msitu ule wa takriban hekta 40,000 uligawanywa kwa mipaka ya vijiji vitano vinavyouzunguka, na kila kijiji kikaweka kamati, walinzi na sheria ndogo zake. Pamoja na Duru-Haitemba ya Babati, Mgori ikawa mfano ambao nchi iliutumia kuandika sera ya misitu inayosimamiwa na wananchi. Kilichonigusa mimi ni kwamba mikutano ile ilibishania mambo madogo madogo ambayo mgeni asingeyafikiria: mizinga ya nani iko wapi, nani anaruhusiwa kupita na mifugo, mwezi gani, na kwa njia ipi. Mkaa na mashamba mapya vimeumega msitu huo tangu hapo, na hilo linaniuma. Lakini maswali waliyouliza yalikuwa sahihi, na bado ni sahihi.

Kisha ikaja biashara ya ngozi. Ngozi ya punda huchemshwa China kutengeneza dawa iitwayo ejiao, na katika miaka ya 2010 machinjio ya punda yalifunguliwa Dodoma na Shinyanga, majirani zetu wa pande mbili. Punda wakanunuliwa, na wengine wakaibwa. Nilizoea kuwaona wanawake wakitoka lamboni nyuma ya punda mwenye madumu mawili, lita 40 ambazo ni mzigo wa haki kwa mwili wake. Nikaanza kuwaona na dumu kichwani tena. Punda jike hubeba mimba mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja, kwa hiyo kijiji kilichopoteza punda wake hakiwarudishi kwa msimu mmoja wala miwili. Serikali ilitangaza kusitisha uchinjaji huo mwishoni mwa 2021, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, walikubaliana kuuzuia bara zima kwa ajili ya ngozi. Ninaushukuru uamuzi huo kwa moyo wangu wote. Sasa punda wanarudi taratibu, na wanarudi kwenye vijiji ambavyo havikuwatengea mahali.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 na Sheria ya Nyanda za Malisho ya 2010 zinakipa kijiji uwezo wa kupanga ardhi yake ya malisho. Nimekaa kwenye vikao vingi vya mipango hiyo. Mifugo huhesabiwa kwa uniti: ng'ombe 0.7, punda 0.5, mbuzi 0.1, hesabu inajumlishwa, na kipande cha ardhi kinachotosha hutengwa. Mara nyingi kipande hicho kiko mbali, mpakani mwa kijiji, mwendo wa saa moja au mbili kutoka kwenye kaya. Kwa ng'ombe hakuna tatizo, maana kazi ya ng'ombe kwa siku ni kula, naye atakwenda na kurudi na mchungaji wake. Punda yuko kazini. Asubuhi yuko lamboni, saa nne yuko mashineni na gunia la mahindi, jioni yuko kwenye kuni. Alichobakiwa nacho ni vipande vya muda, saa mbili hapa na saa moja pale, na katika vipande hivyo hawezi kufika mpakani mwa kijiji. Kwa hiyo hula kandokando ya lambo, kwenye ukoka ule ule kila siku, mpaka udongo unabaki wazi na lambo linaanza kujaa tope. Halafu kwenye kikao kinachofuata punda analaumiwa kwa kuharibu chanzo cha maji.

Mama mmoja aliwahi kusimama kwenye kikao cha namna hiyo akasema, "Ndugu mwenyekiti, ng'ombe wa baba wamepewa ekari. Punda wangu anayewaletea maji ya kunywa mmempa nini?" Kikao kilinyamaza, kisha kikaendelea na ajenda nyingine. Nilimfuata baadaye kumwambia kwamba ameuliza swali ambalo nilipaswa kulisikia chuoni.

Wenyeviti na wajumbe wa halmashauri za vijiji vya Singida, hasa ninyi mlio kando ya Mgori na mbuga za Wembere, mpango wenu unapofika wakati wa kupitiwa upya, mwandikeni punda kwa jina lake. Mtengeeni malisho madogo karibu na kaya na karibu na njia ya maji, lakini si kwenye ukingo wa lambo. Kwa walina asali na wasafiri wa porini, wekeni mahali pa kutua zaidi ya pamoja kwa kila mbuga, ili pa mwaka huu papumzike mwaka kesho, na chagueni mzee mmoja wa kila kijiji wa kutangaza siku mbuga inapofunguliwa baada ya mvua. Tarehe ya kalenda haitamsaidia. Mpeni ruhusa ya kwenda kuikanyaga. Na kabla hamjachora mstari wowote kwenye ramani, waiteni wanawake wanaochota maji muwaulize punda wao hula wapi, na saa ngapi.